Tela Moja Si Tele

Jumanne, 1 Oktoba 1991

Mboji imeletwa. Tela moja. Nimezunguka lundo mara mbili nikidhani nimekosea kuhesabu, lakini moja ni moja hata ukiizunguka.

Aliyeileta ni Taimín, mume wa binamu yangu Baibín. Alifika na trekta, akamwaga mbele ya nyumba yangu yale matofali meusi ya udongo wa kinamasi tunayochoma mekoni huku Ros Dubh badala ya kuni. Akashusha na magunia mawili ya viazi. Akasema Baibín anasalimia, na anasema hiyo ni go leor. Nikamwuliza go leor ya namna gani. Akasema yeye ni dereva tu. Akaondoka.

Niandike mambo yalivyo, maana siku moja huenda yakasomwa mahakamani. Shangazi Neansaí alifariki Februari. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Nyumba akamwachia Baibín, bintiye wa kumzaa. Shamba, Baibín. Kinamasi, Baibín. Ng'ombe watatu, pamoja na yule anayepiga mateke, Baibín. Sikusema kitu. Mimi ni fundi paa, sina mke, nina miaka hamsini na mitatu, nina chumba na jiko, na mateke ya ng'ombe sina haja nayo. Lakini chini kabisa ya wosia, kwa mwandiko wake mwenyewe, shangazi kaandika: Beairtle apewe mboji go leor na viazi go leor kila vuli maadamu yu hai.

Mstari huo ndio urithi wangu wote. Na Baibín ameamua kwamba go leor, kwa Kiayalandi chetu, maana yake ni “ya kutosha.” Mimi nasema maana yake ni “tele.” Tela moja si tele. Tela moja ni sadaka.

Sitawasha hata tofali moja mpaka nipate haki yangu.

Baadaye: nimewasha manne. Kulikuwa na baridi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekwenda Galway kwa basi kumwona wakili. Kijana, tai pana, anaitwa Tully. Alisoma wosia akiwa amesimama, kisha akaketi, akausoma tena. Akasema kwamba kwa Kiayalandi neno hilo hubeba maana zote mbili, ya kutosha na ya wingi, na hakimu yeyote atatamani kuumwa siku ya kesi hiyo. Akaniuliza nyumba yangu ina ukubwa gani. Sikuona inahusiana vipi.

Akaitwa kwenye simu chumba cha pili. Mimi nikabaki na rafu ya vitabu vyake. Kamusi ya Kiingereza, nene kama mkate wa mazishi. Nikapata wazo. Kama sisi wenyewe tunabishana juu ya neno letu, tumwulize aliyelichukua!

Nikafungua kwenye G. Na lipo. Galore. Wameyabana maneno yetu mawili yakawa moja, lakini ndilo lenyewe. Maana: tele, kwa wingi. Asili: Kiayalandi, go leor. Hakuna “kutosha” popote. Nilisoma mara tatu nikasikia joto mwilini.

Nikatoa kalamu ninakili. Haikuwa na wino. Nikasikia hatua za wakili. Nikauchana ukurasa.

Nimerudi na ukurasa ndani ya soksi. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimempelekea Baibín ushahidi. Alikuwa jikoni anapiga pasi mashati ya Taimín, mbele ya meko ileile tuliyoota moto utotoni. Akavaa miwani, akasoma, akaugeuza ukurasa, akasoma na upande wa pili.

“Umetoka wapi huu?”

“Kwenye kitabu, dada.”

“Hilo naliona. Kitabu kiko wapi?”

Nikamwambia hilo si swali la msingi. Asome pale nilipopiga mstari.

“Nimesoma. Kwa hiyo Mwingereza alikuja huku, akasikia neno letu la kutosha, akaenda nalo kwao. Alipofika akaona kutosha hakumtoshi, akaligeuza tele. Na wewe, mdogo wangu, ukapanda basi mpaka Galway ukamwulize huyohuyo mama yangu alimaanisha nini.”

Nikasema kwamba mtu aliyekuchukulia kitu chako ndiye anayejua kilikuwa kizuri kiasi gani. Akacheka mpaka akaunguza kola. Nikasema sikuja kumchekesha, nimekuja kudai.

Hapo akaacha kucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu mvua imeharibu nusu ya kinamasi, kwamba alinipimia kwa haki, na kwamba mtu mmoja na meko moja hawawezi kumaliza zaidi ya tela moja hadi masika. Nikamjibu kwamba shangazi hakuandika “kiasi atakachomaliza.” Kaandika go leor.

Mwisho tukakubaliana jambo moja. Mwalimu Sibéal, aliyetufundisha sote kusoma, ataamua Jumapili baada ya misa, ukumbini. Atakalosema tutalikubali, mimi na yeye. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya pasi. Mimi niliuona ni dalili kwamba anaogopa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya maandalizi. Kwanza nimempelekea Mwalimu Sibéal kaa wawili wakubwa, hai, wamefungwa kamba. Ana miaka themanini na moja na bado anakutazama kama vile hujafanya kazi ya nyumbani. Akauliza kama hii ni rushwa. Nikasema ni heshima. Akawapokea kaa, akasema watamfaa sana chakula cha mchana, na uamuzi wake tutaupata mimi na Baibín sawasawa. Kisha akaniomba nimwonyeshe ule ukurasa. Habari husafiri. Akausoma, akaukunja, akauweka katika mkoba wake. Akasema Jumatatu utarudi Galway kwa posta pamoja na barua ya kuomba radhi, na barua nitaiandika mimi, kwa mwandiko safi.

Hivyo nimepoteza kaa wawili na ushahidi. Lakini sijalala.

Gatini kuna Mskoti, Murchadh, anayenunua kaa kwa ajili ya soko la kwao. Anatoka visiwa vya kaskazini, na lugha yao ni binamu wa lugha yetu, na neno hilo wanalo. Shahidi asiye na upande! Nimemwuliza: kwenu gu leòr ni nyingi au si nyingi? Akasema nyingi, bila shaka, tena neno ni lao, Waingereza walilipata Uskoti. Nikamwambia hilo la mwisho aliache nyumbani, aje na la kwanza tu. Nimemwahidi gunia la viazi. Bado nina moja na nusu.

Jumapili, 6 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Watu waliokosa misa hawakukosa hili. Mwalimu Sibéal alikaa mbele kwenye kiti chenye mikono, Baibín kushoto na Taimín wake, mimi kulia na Murchadh wangu.

Nikazungumza kwanza. Vizuri, nadhani. Nilisema kwamba neno letu limevuka bahari, limekaa kwa Waingereza miaka zaidi ya mia tatu, na kote huko halijawahi kumaanisha kidogo.

Nikamwita Murchadh. Akasimama, akavua kofia, akaanza na lile la mwisho. Neno ni la Uskoti, akasema. Ukumbi ukachafuka. Mzee mmoja nyuma akamwambia arudi kwao na kaa wake. Mwalimu akagonga meza, akasema inawezekana Mwingereza alilisikia pande zote mbili, maana mabaharia wetu na wao walikuwa wakilewa katika bandari zilezile, na sasa shahidi ajibu alichoulizwa.

“Ni nyingi,” akasema Murchadh. “Nyingi kabisa. Mfano, mama yangu akikumiminia chai, ukimwambia gu leòr, anaacha kumimina.”

Ukumbi mzima ukacheka. Baibín hakucheka, alifuta macho kwa leso. Murchadh akaketi akaniuliza kwa kunong'ona kama viazi vyake ni vya aina ya unga.

Mwalimu akaeleza. Leor, akasema, ni kutosha. Ukiweka go mbele yake unapata “kwa kutosha,” na kutoka hapo watu wakaenda mbele kidogo wakafika kwenye “tele,” kwa sababu mtu aliyezoea njaa akipata cha kutosha huona amepata tele. Akasema jambo lingine nililolipenda. Waingereza kila sifa huiweka mbele ya jina. Neno hili peke yake, tangu walichukue, limekataa kwenda mbele. Linakaa nyuma ya jina kama lilivyokaa kwetu. Wamejaribu miaka mia tatu na limegoma. Nikasikia machozi yananijia. Neno langu kabisa.

“Lakini kamusi haikuandika wosia,” akasema. “Neansaí ndiye aliyeandika. Tutazame yeye alilitumiaje. Baibín, wewe umeishi naye kuliko wote. Mama yako alisema go leor wakati gani?”

Baibín akakunja leso yake. Taimín akamtazama. Baibín angeweza kusema lolote. Mimi ningesema lolote.

“Nikumbukalo zaidi,” akasema, “ni siku aliyoletwa huyu. Ana miaka sita, amevaa koti la marehemu mama yake, limekunjwa mikono. Sisi tulikuwa saba katika vyumba viwili. Watatu kitanda kimoja. Baba akauliza huyu atalala wapi. Mama akasema nafasi ipo go leor. Akasema na viazi vipo go leor. Vilikuwa tisa chunguni. Mimi nilivihesabu.”

Nilikuwa natazama viatu vyangu. Kile cha kushoto kinahitaji soli.

Mwalimu akavua miwani. Akasema basi ni hivyo. Neansaí hakuwahi kulitumia neno hilo kwa kipimo. Alilitumia kwa wingi hata pasipokuwa na wingi. Maana yake ni tele. Beairtle ameshinda.

Nimeshinda.

Niliondoka haraka, nimesahau kofia. Sijui kwa nini sikushangilia. Labda ni kwa sababu ya Murchadh, aliyenifuata hadi nyumbani kudai gunia lake.

Jumanne, 8 Oktoba

Saa tatu asubuhi, trekta. Taimín akamwaga tela ya pili mbele ya mlango. Nikasimama mikono kiunoni, mtu aliyeshinda. Akarudi na ya tatu. Ya nne akaimwaga nyuma, mbele ya mlango wa uani. Akauliza:

“Niendelee, shemeji?”

“Endelea.”

Ya tano ikafunika benchi. Ya sita ikafunika baiskeli. Niliiona lakini sikusema, maana Taimín alikuwa ananitazama usoni akisubiri niseme imetosha, na neno hilo hatalisikia kwangu. Katikati ya ya sita na ya saba akaleta viazi. Magunia ishirini na mawili. Tukayapitisha dirishani. Mengine yako jikoni, mengine chini ya kitanda, manane juu ya kitanda.

Ya saba ilipomwagwa, lundo la mbele lilifika juu ya mlango. Taimín akazima trekta. Akasema hiyo ndiyo yote.

“Yote ya leo?”

“Yote, shemeji.”

Nikamshukuru kwa niaba ya shangazi. Nikaingia ndani kupitia dirishani, kwa heshima zote. Nimelala kitini. Nimeota moto mkubwa kama mfalme. Joto go leor. Nimelazimika kuvua shati.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua siku ya pili. Mlango wangu hufunguka kwa ndani, na nikiufungua mboji inaingia kama ndugu waliosikia kuna pilau. Nimeufunga kwa kuegemeza magunia matatu. Wa nyuma haufunguki kabisa. Dirisha ndilo mlango.

Kutoka dirishani naona bomba la moshi la nyumba ya Baibín, kule upande wa pili wa barabara. Halitoi moshi. Jana halikutoa. Nilidhani wamesafiri, kumbe asubuhi nimemwona Taimín akipita, nikamwita, nikamwuliza kulikoni. Akasema hawana mboji. Baibín kaniletea yote, hadi ya bandani, hadi kikapu kilichokuwa kando ya meko. Wanapikia jiko la gesi, na jioni Baibín anakaa amevaa koti.

“Mwambie aache vitimbi,” nikasema.

“Si vitimbi. Ulisema tele. Kasema basi apewe yote, asije akasema mama alimdanganya.”

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Nyumba ile haijawahi kukosa moto tangu niijue. Hata siku ya mazishi uliwaka.

Kurudisha siwezi. Ukurudisha umekiri kwamba ilikuwa nyingi mno, na kutoka nyingi mno hadi ile hoja yake ya “kutosha” ni tela moja tu. Nimefikiri hadi viazi vikaungua. Kisha nikaandika barua ifuatayo, nikampa Taimín alipopita tena: “Dada Baibín. Baada ya ukaguzi nimegundua kwamba tela tano kati ya saba ni mbovu, zina unyevu, nami kama mrithi nazikataa. Tafadhali ziondoe haraka. Wako, Beairtle.”

Barua nzuri. Haki yangu inabaki, moto wake unarudi, hakuna aliyeshindwa.

Jibu limeletwa kabla ya giza, kwa mdomo wa Taimín, naye alionekana angependa kuwa dereva wa mtu mwingine. Baibín anasema mboji ya mama yake haijawahi kuwa mbovu. Anasema wala hataigusa. Anasema niichome, na nikimaliza nichome na barua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi niliamua kuirudisha kwa siri. Mpango ulikuwa rahisi. Nivute matofali ya chini kupitia pengo la mlango, nijaze magunia, niyatoe dirishani, niyaache bandani kwa Baibín akiwa misa ya Ijumaa. Tofali la kwanza lilitoka vizuri. La pili pia. La tatu, nadhani, ndilo lililokuwa likishikilia mengine yote.

Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni kama mtu mkubwa anavuta pumzi. Mlango ukaja na lundo likaja nyuma yake, na magunia ya viazi yaliyokuwa yanauegemea yakaja na mimi. Nilijikuta nimekaa chini, mboji hadi kifuani, mkono wa kulia umebanwa chini ya viazi. Sikuumia sana. Nikapiga kelele kwa lugha zote mbili.

Baibín hakuwa amekwenda misa. Alikuja anakimbia na koleo, koti juu ya aproni, Taimín nyuma. Akaingia dirishani, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Akachimba. Alipofika kwenye mkono wangu akauinua polepole, akaukagua vidole kimoja kimoja kama alivyokuwa akinikagua kabla ya shule.

“Ulikuwa unafanya nini, Beairtle?”

“Ukaguzi.”

Aliona gunia nililokuwa nimeanza kulijaza, na kamba niliyokuwa nimeifunga kwa ajili ya kulitoa dirishani. Akaniambia twende.

Nimeketi jikoni kwake sasa, mkono umefungwa. Taimín kaleta mboji ya kujaza meko, na imewaka vizuri, si mbovu hata kidogo. Baibín kachemsha viazi. Alinijazia sahani mpaka kimoja kikadondoka kikabingirika chini ya meza, akaongeza kingine.

“Haya, niambie sasa,” akasema. “Ni go leor?”

“Go leor,” nikasema.

Hakuuliza nilimaanisha ipi. Akaketi, akala na yeye.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mambo yamekwisha. Kwa amani, na kwa ushindi wangu. Tumekubaliana hivi. Mboji yote ni yangu, kama alivyoamua Mwalimu. Ila itakaa bandani kwa Baibín, kwa sababu kwangu haienei. Nami nitakwenda kuota moto kwake na kula viazi vyangu mezani kwake wakati wowote nitakao. Kwangu itabaki tela moja. Anayedhani hapo nimerudi nilipoanzia hakuelewa hoja.

Baiskeli imepatikana. Gurudumu la nyuma ni yai.

Jibu la wakili limefika pia. Anashukuru kwa ukurasa, na anaomba siku nyingine nije na kalamu yenye wino.

Leo nimetoka kwa Baibín tumbo limejaa, moyo mweupe, sina deni na mtu. Nikafika getini. Taimín alikuwa anapigilia kibao kipya, kizuri, rangi ya kijani. Kiangazi kijacho watapokea wanafunzi wanaokuja kujifunza lugha, kama nyumba nyingine za hapa, na Baibín kakiandikisha yale maneno ambayo kila nyumba huandika: Karibu mara laki moja.

Nikasimama nikasoma vizuri. Laki moja. Hapo hakuna maana mbili. Hapo hakuna cha kutosha wala cha tele. Ni tarakimu.

Nimerudi nyumbani nikahesabu. Ijumaa aliponiingiza ndani alisema karibu, mara moja. Jumamosi, mara moja. Jana alisema “pita tu,” ambayo siihesabu. Leo mara moja, tena akiwa amenipa mgongo. Jumla tatu. Bado tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na saba.

Kibao kipo hadharani, kwa maandishi, mume wake shahidi.

Nimenunua wino. Kesho nitabisha mlango wa mbele saa mbili asubuhi, nikaribishwe, nitoke, nibishe tena.